Kutoka Ofa hadi Funguo: Muda wa Kununua Nyumba ya Kwanza Mashariki mwa Buffalo, Columbus na Louisville

Maana na mipaka

Muda baada ya ofa ni kipindi kinachoanza pale muuzaji anapotia saini kukubali bei na masharti ya mnunuzi, na kwisha pale hati ya uhamisho inapoandikishwa kwa jina jipya na funguo kukabidhiwa. Kutafuta nyumba, kutembezwa na dalali na kupata barua ya benki ya kuonyesha uwezo wa kukopa ni mambo ya kabla. Kulipa mkopo kwa miaka 15 au 30 ni mambo ya baada. Kwa mnunuzi anayekopa, kipindi hiki katika sehemu kubwa ya Marekani ni siku 30 hadi 45. Columbus na Louisville zinaingia katika kipimo hicho. Buffalo haiingii. Huko siku 60 hadi 90 ni za kawaida, na dalali anayeahidi mwezi mmoja ama ni mgeni mjini ama mteja wake analipa taslimu.

Muda huu haupatikani kwa kujumlisha hatua moja baada ya nyingine. Ndani yake zinakwenda shughuli nne kwa pamoja: ukaguzi wa nyumba, mkopo, hati, na taarifa za lazima zinazotangulia saini. Kila moja ina watu wake, ofisi zake na namna yake ya kuhesabu siku, na zinakutana mwishoni tu. Kwa hiyo muda wa ununuzi mzima ni muda wa ile iliyochelewa kuliko zote. Wengi hudhani inayochelewa daima ni benki. Kwa nyumba za zamani za mashariki mwa miji hii, mara nyingi kinachochelewesha ni karatasi: ama za nyumba, ama za mnunuzi mwenyewe.

Jina East Side halina maana moja katika miji hii mitatu. Huko Buffalo, ni jina lenye mpaka unaojulikana na kila mtu: kilicho mashariki ya Main Street, kuanzia Jefferson Avenue hadi Broadway-Fillmore na kuendelea. Ni nyumba za mbao zilizojengwa kwa ajili ya vibarua na mafundi wa Kijerumani na Kipolandi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi zikiwa za ghorofa mbili zenye familia mbili, moja chini na moja juu. Columbus, upande wa mashariki huanzia mitaa ya zamani ya Near East Side, ikiwamo Bronzeville, na kufika vitongoji vya Whitehall na Reynoldsburg ambako nyumba ni changa zaidi. Louisville, wenyeji husema zaidi East End, nao humaanisha vitongoji vya wenye nacho. Mashariki ya karibu na katikati ya jiji, katika mitaa kama Smoketown na Butchertown, kuna nyumba nyembamba ambazo vyumba vyake hufuatana kama mabehewa ya treni. Miji yote mitatu imepokea wakimbizi wanaozungumza Kiswahili, Wakongo, Warundi na Wasomali Wabantu miongoni mwao, waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma, Dadaab na Nakivale.

Nyumba ya kwanza, kwa maana ya mipango ya serikali, si lazima iwe ya kwanza maishani. Wizara ya Nyumba ya Marekani humhesabu kuwa mnunuzi wa kwanza mtu ambaye kwa miaka 3 iliyopita hakumiliki nyumba ya kuishi. Aliyeacha nyumba ya matofali Bukavu miaka 10 iliyopita anahesabiwa kuwa mnunuzi wa kwanza. Ufafanuzi huu ndio unaomfungulia mlango wa misaada ya wakala wa mikopo wa jimbo lake: SONYMA kwa New York, OHFA kwa Ohio, na Kentucky Housing Corporation kwa Kentucky. Msaada wa OHFA, kwa mfano, huwa asilimia 2.5 au 5 ya bei, na deni lake husamehewa mnunuzi akitimiza miaka 7. Msaada wa namna hii huongeza mhakiki mmoja zaidi katika faili, na mhakiki huyo huongeza siku.

Aina za ofa

Ofa iliyokubaliwa ni ya namna mbili, na kuzichanganya kumewagharimu watu fedha. Ya kwanza ni ofa ambayo ni mkataba pale pale. Ndivyo ilivyo Columbus na Louisville: karatasi ya madalali ikishatiwa saini na pande zote, siku zote za mkataba zimeanza kuhesabika, na wakili, kama yupo, anakuja baadaye. Ya pili ni ofa inayosubiri idhini ya wakili. Ndivyo ilivyo Buffalo, ambako muuzaji ana wakili wake na mnunuzi ana wakili wake, na kila mmoja hupewa siku chache za kazi kusoma, kurekebisha au kukataa. Katika siku hizo mnunuzi ana ofa iliyokubaliwa lakini hajawa na mkataba uliokaza. Anayewahi kuvunja upangaji wake kwa sababu dalali amempigia simu ya pongezi amewahi mno.

Arubuni hulipwa mara baada ya kukubaliwa, nayo hukaa katika akaunti ya amana ya ofisi ya dalali, wakili au kampuni ya hati, kamwe si mkononi mwa muuzaji. Anayetoka Kenya hutarajia arubuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha, kwa kuwa ndiyo mazoea ya mikataba ya huko. Hapa kiwango ni suala la mapatano, na kwa nyumba za kawaida huwa kidogo kuliko hapo.

Mnada si ofa. Jiji la Buffalo huuza kwa mnada nyumba zilizodaiwa kodi na ada kwa muda mrefu, na familia nyingi za wahamiaji, hasa za Wabangladeshi, zimefufua mitaa ya East Side kwa njia hiyo. Lakini mnadani hakuna masharti ya kujitoa, hakuna mkopo wa kawaida wa nyumba, na muda hufuata mahakama. Hesabu za makala haya hazihusu mnada.

Ukaguzi, tathmini na upimaji

Maneno haya matatu hutumiwa ovyo kana kwamba ni kitu kimoja. Ukaguzi ni wa mnunuzi: mtaalamu anayemlipa yeye huingia darini na chini ya nyumba, hufungua mabomba na kuwasha tanuri la joto. Tathmini ni ya benki: mthamini hukadiria bei ili benki isikopeshe zaidi ya thamani. Upimaji ni wa ardhi: mpimaji huonyesha mipaka ya kiwanja na kama gereji ya jirani imekalia futi moja isiyo yake. Mnunuzi hulipia ukaguzi na, kwa kawaida, tathmini. Upimaji Buffalo ni mzigo wa muuzaji, kwa desturi ya magharibi mwa New York.

Ukaguzi ndio shughuli fupi kuliko zote. Mkataba hutoa kati ya siku 5 na 15, na kazi yenyewe ni saa mbili tatu za kutazama na siku moja ya kuandika ripoti. Kinachorefusha ni vipimo vya ziada. Kipimo cha gesi ya radoni, ambayo hupanda kutoka ardhini na kukusanyika katika vyumba vya chini, hakiwezi kukamilika chini ya saa 48, na kiwango cha kuchukua hatua ni pikokuri 4 kwa lita. Kamera ya kuingizwa katika bomba la maji machafu huhitaji fundi mwingine na miadi mingine. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 inamtaka muuzaji aeleze anachojua kuhusu rangi yenye risasi, na inampa mnunuzi siku 10 za kuipima akitaka. Nyumba nyingi za East Side ya Buffalo zilijengwa muda mrefu kabla ya 1978. Familia yenye mtoto anayetambaa haina sababu ya kuzisamehe siku hizo 10.

Rangi hiyo hiyo hurudi kwa mlango wa pili. Mkopo wenye dhamana ya FHA, shirika lililoanzishwa 1934 na linalopendwa na wanunuzi wa kwanza kwa sababu huhitaji malipo ya awali ya asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mikopo 580 au zaidi, una mthamini anayetazama pia usalama wa nyumba. Rangi inayobanduka katika nyumba ya kabla ya 1978 lazima irekebishwe kwanza, na mthamini arudi kuithibitisha. Ikiwa ni dirisha moja, ni kazi ya wiki. Ikiwa ni ukuta mzima wa nje, na ni Januari, na theluji kutoka Ziwa Erie imefunika ngazi, hakuna mpaka rangi atakayepanda. Wakopeshaji wengine hukubali fedha za kazi hiyo ziwekwe pembeni hadi majira ya joto. Wengine hukataa, na ofa iliyokubaliwa Desemba hujikuta Aprili.

Mkopo

Mkopo una hatua zilizowekewa siku na sheria, na hatua zilizoachiwa mazoea. Tangu tarehe 3 Oktoba 2015 kila mkopeshaji analazimika kutuma Makadirio ya Mkopo ndani ya siku 3 za kazi tangu kupokea ombi, na haiwezekani kutia saini kabla siku 7 za kazi hazijapita tangu makadirio hayo yatolewe. Baada ya hapo sheria hunyamaza na mazoea hushika. Tathmini huchukua wiki 1 hadi 3. Mchambuzi wa mkopo husoma faili, huandika orodha ya masharti, huirudisha, huipokea, huandika nyingine. Mwisho wa safari hiyo hutoka barua ya ahadi ya mkopo, na baada yake idhini ya mwisho ambayo watu wa kazi hii huiita ruhusa ya kufunga.

Barua ya uwezo na barua ya ahadi ni vitu viwili. Ya kwanza hutolewa kabla ya ofa, na mara nyingi haikugusa karatasi yoyote isipokuwa ripoti ya mikopo. Ya pili hutolewa baada ya kila karatasi kuguswa. Umbali kati ya barua hizo mbili ndio unaowapotezea watu usingizi.

Karatasi zinazoombwa hazishangazi: hati za mshahara za siku 30, kodi za miaka 2, taarifa za benki za miezi 2. Kinachowakwamisha wanunuzi wa Afrika Mashariki na Kati ni namna malipo ya awali yalivyokusanywa. Upatu, chama, likelemba, hagbad: majina ni mengi, jambo ni moja. Watu 12 hutoa dola 500 kila mwezi, na kila mwezi mmoja hupokea 6,000. Kwa walio ndani, hakuna akiba iliyo wazi kuliko hiyo, maana kila mtu anamjua aliyelipa na aliyechelewa. Kwa mchambuzi wa mkopo, ni dola 6,000 zilizotokea katika akaunti siku ya Jumanne bila maelezo. Kanuni za Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, huliita amana kubwa weko lolote linalozidi nusu ya mapato ya mwezi ya mkopaji, nalo huhitaji kuthibitishwa chanzo chake. Daftari la upatu lililoandikwa kwa kalamu ya risasi halithibitishi. Ujumbe wa simu wa mama mwenye kushika kikoba hauthibitishi. Hapo faili husimama wiki moja, mbili, wakati mwingine hadi mkopo unapokataliwa kwa fedha ambayo ni halali ya jasho.

Tiba yake inajulikana na washauri wa nyumba katika miji yote mitatu, nayo ni ya kalenda. Kwa kuwa benki husoma taarifa za miezi 2, zamu ya upatu ikipokelewa na kuwekwa benki zaidi ya miezi 2 kabla ya kuomba mkopo, fedha huwa imelala, na fedha iliyolala haiulizwi maswali mengi. Anayepokea zamu yake wiki moja baada ya ofa kukubaliwa amejiongezea siku kwa mkono wake. Fedha ya zawadi kutoka kwa ndugu inakubalika, lakini kwa barua ya zawadi inayosema si deni, pamoja na ushahidi wa akaunti ilikotoka. Shemeji aliyetoa noti kutoka chini ya godoro ametoa zawadi isiyotumika.

Jina na tarehe ya kuzaliwa ni chanzo cha pili. Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa kuwa kambini haikujulikana nyingine, na majina matatu ya Kikongo hupangwa kwa mpangilio mmoja katika grinkadi na mwingine katika kadi ya bima ya jamii. Mchambuzi akikuta mtu mmoja mwenye sura tatu za karatasi, hudai tamko la kiapo kwamba wote ni yeye. Ni karatasi ya dakika 10. Kuigundua siku ya 40 badala ya siku ya 4 ndiko kunakouma.

Hali ya ukaazi ni chanzo cha tatu, nacho ni kipya. Tangu tarehe 25 Mei 2025 FHA haifungui faili kwa wasio raia ambao si wakaazi wa kudumu. Kwa aliye na grinkadi au uraia hakuna kilichobadilika. Mwingine hutafuta mkopo usio wa FHA, na kuanza upya kwa mkopeshaji mwingine hugharimu wiki kadhaa hata kama ofa bado iko hai.

Waislamu wanaokwepa riba, nao ni wengi kati ya Wasomali wa Columbus na watu wa pwani, hutumia kampuni za ufadhili wa Kiislamu. Iliyo maarufu zaidi, Guidance Residential ya Virginia, ilianza 2002 na hutumia ushirika unaopungua: kampuni na mnunuzi humiliki nyumba pamoja, na mnunuzi hununua hisa za kampuni kidogo kidogo huku akilipia matumizi ya sehemu isiyo yake. Kisheria umbo ni jingine. Kwa kalenda tofauti ni ndogo, maana tathmini, hati na bima ni zile zile.

Nyumba ya bei ndogo si nyumba ya mkopo mwepesi. Gharama za kuandaa mkopo wa dola 70,000 zinakaribiana na za mkopo wa 300,000, na wakopeshaji wengi hawataki ule mdogo. Ndiyo maana katika mitaa yenye nyumba za bei nafuu kuliko zote, wanunuzi wenye taslimu humaliza kwa wiki chache kile ambacho mwenye mkopo humaliza kwa miezi.

Hati

Hati ni shughuli ya kuthibitisha kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, na kwamba mali haidaiwi. Columbus kazi hii hufanywa na kampuni ya hati: hutafuta katika kumbukumbu za kaunti ya Franklin, huandika ripoti, na huuza bima ya hati. Louisville mawakili wanahusika zaidi, na hati ya uhamisho lazima ionyeshe jina la aliyeiandaa. Katika miji hiyo yote miwili, hati iliyo safi haitumii zaidi ya wiki 1 au 2, na aghalabu humaliza kabla ya mkopo.

Buffalo kuna kitabu. Ni muhtasari wa hati, bunda la kurasa zilizobanwa juu kwa pini, lenye kila uhamisho, rehani, hukumu na mirathi iliyowahi kugusa kiwanja tangu karne ya 19. Kurasa za chini ni za taipureta na karatasi yake imekuwa rangi ya chai. Za juu ni za kompyuta. Muuzaji ndiye anayepaswa kukitoa, na kampuni ya muhtasari hukisogeza hadi leo kwa kuongeza kilichotokea tangu kiliposimama. Kisha kitabu na ramani ya mpimaji husafiri kutoka kwa wakili wa muuzaji hadi kwa wakili wa mnunuzi, na kutoka hapo hadi kwa wakili wa benki, maana benki nayo ina wake. Ni mawakili watatu na kitabu kimoja. Wakili wa benki akiuliza swali kuhusu rehani ya 1974 isiyoonekana kufutwa, swali hurudi kwa njia ile ile lilikotoka. Mwezi wa ziada wa Buffalo unakaa humo. Kitabu kilichopotea huandikwa upya kwa gharama ya muuzaji, na hilo ni la wiki, si la siku.

Dosari za hati ni za aina nyingi, lakini mashariki mwa miji hii moja huzishinda nyingine: nyumba ya marehemu. Mzee alinunua 1968, akafa, na watoto wakaendelea kuishi na kulipa kodi bila kufungua mirathi. Mmoja wao sasa anauza, ilhali jina kwenye hati ni la baba. Hakuna ofa inayoweza kufungwa hadi mahakama ya mirathi imteue msimamizi, na kama warithi ni saba, na mmoja hajulikani aliko tangu ahamie Alabama, muda hauhesabiki kwa siku tena. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hili: shamba la ukoo huko nyumbani lina hadithi hiyo hiyo. Dosari nyingine, kama bili za maji, kodi za nyuma au dai la mkandarasi lililoandikishwa juu ya nyumba, hulipwa kutoka katika fedha ya mauzo siku ya kufunga na hazichelewishi sana.

Haki ya mwenzi wa ndoa inastahili kutajwa peke yake kwa sababu huwagusa waliotenganishwa na kambi. Ohio na Kentucky bado zinatambua haki ya kale ya mume au mke katika ardhi ya mwenzake. Kwa hiyo mnunuzi wa Columbus aliyeoa, hata akikopa peke yake na hati ikiwa kwa jina lake pekee, hutakiwa mkewe atie saini katika rehani kuachia haki hiyo. Ikiwa mke bado yuko Kasulu akisubiri faili la kuungana na familia, inahitajika hati ya uwakala iliyoshuhudiwa kwa namna inayokubalika Marekani, na mara nyingi hiyo ni safari ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa miadi ya ubalozi. New York haina shida hii, kwa kuwa ilifuta haki hiyo kwa ndoa zote zilizofungwa tangu 1 Septemba 1930. Ni moja ya nafasi chache ambapo Buffalo ni nyepesi kuliko wenzake.

Mpangaji ndiye mtu anayesahauliwa katika nyumba ya familia mbili. Nyumba hizi hupendwa kwa sababu nzuri: mnunuzi hukaa chini, mpangaji wa juu husaidia mkopo, na benki huweza kuhesabu sehemu ya kodi ya mpangaji huyo kuwa mapato. Lakini FHA hutaka mnunuzi ahamie ndani ya siku 60 baada ya kufunga. Na sheria ya New York, tangu 2019, humtaka mwenye nyumba asiyetaka kuendelea na mpangaji atoe notisi ya siku 30 kwa aliyekaa chini ya mwaka, 60 kwa aliyekaa mwaka 1 hadi 2, na 90 kwa aliyezidi miaka 2. Ghorofa zote mbili zikiwa na wapangaji wa muda mrefu, siku 60 na siku 90 haziingiani. Mkataba makini huandika nani atoe notisi, na lini, kabla wakili hajatoa idhini yake. Usioandika huahirisha ugomvi hadi wiki ya kufunga.

Kufunga

Kufunga, au klozingi kama isemwavyo mtaani, ni siku ya saini na fedha. Kabla yake benki hutuma Taarifa ya Kufunga, na mnunuzi lazima awe nayo siku 3 za kazi kabla ya saini. Hapa pana tofauti ya kihesabu inayowapita hata baadhi ya madalali. Siku 3 za kazi za kutuma Makadirio ya Mkopo ni zile ambazo ofisi ya mkopeshaji imefunguliwa. Siku za kazi za Taarifa ya Kufunga ni siku zote isipokuwa Jumapili na sikukuu za shirikisho, kwa hiyo Jumamosi inahesabiwa. Aliyeipokea mkononi Alhamisi huhesabu Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu, naye aweza kutia saini Jumatatu hiyo. Ikitumwa kwa posta huhesabiwa imefika siku 3 za kazi baadaye, ndipo hesabu ianze. Hesabu huanza upya kwa mambo matatu tu: kiwango halisi cha riba cha mwaka kikitoka nje ya kilichotajwa kwa zaidi ya kinachoruhusiwa, aina ya mkopo ikibadilika, au adhabu ya kulipa mapema ikiongezwa. Muuzaji kupunguza dola 300 kwa sababu jiko limekufa hakuanzishi upya chochote.

Bima ya nyumba lazima iwepo siku hiyo. Kwa nyumba changa ni simu moja. Kwa nyumba yenye waya za umeme za miaka ya 1920 zilizopita katika vikombe vya kauri, kampuni kadhaa hukataa, na mnunuzi hugundua hilo wiki ya mwisho ikiwa hakuuliza mapema.

Fedha za siku ya kufunga hutumwa kwa hawala ya benki au huletwa kwa hundi ya benki. Maelekezo ya hawala yanayokuja kwa baruapepe yakibadilika ghafla ni dalili ya wizi, na kuyathibitisha kwa simu kwa namba iliyojulikana tangu mwanzo ni sehemu ya muda, hata kama hakuna sheria iliyoipa siku zake.

Namna ya kukaa mezani hutofautiana. Columbus mnunuzi hutia saini katika ofisi ya kampuni ya hati kwa saa moja hivi. Buffalo mnunuzi na muuzaji waweza kutia saini siku tofauti, kila mmoja kwa wakili wake, na mawakili hukamilisha ubadilishanaji wenyewe. Wapo walionunua nyumba East Side bila kuonana na muuzaji hata mara moja.

Kuandikisha

Siku ya saini si mwisho wa muda, ingawa picha zenye funguo hupigwa siku hiyo. Buffalo hati na rehani huandikishwa kwa karani wa kaunti ya Erie, Franklin Street namba 92, na rehani yenyewe hutozwa kodi ya jimbo, jambo lisilokuwapo Ohio wala Kentucky. Columbus hati hupita kwanza kwa mkaguzi wa hesabu wa kaunti, anayebadilisha jina la mlipa kodi, ndipo ifike kwa msajili. Louisville hupelekwa kwa karani wa kaunti ya Jefferson, ikiwa na tamko la bei lililoapiwa na pande zote mbili.

Kitabu cha Buffalo hurudi kwa mwenye nyumba mpya baada ya wiki chache, kikiwa kimeongezwa kurasa juu, na jina kama la Kasongo au Niyonzima likiwa juu ya majina ya Kipolandi. Huwekwa kabatini pamoja na karatasi za kambi na za grinkadi. Miaka 15 baadaye, ofa nyingine ikikubaliwa, wakili atapiga simu kukiulizia.